Jinsi ya kusoma ngazi nne za upendo za Bernard wa Clairvaux

Anayetaka kuelewa kwa nini teolojia ya fumbo ya Enzi za Kati, yaani ile inayohusu muungano wa nafsi na Mungu, iliupa upendo nafasi ya kwanza, na aanze na kitabu kifupi juu ya kumpenda Mungu cha Bernard, abati (mkuu wa watawa) aliyeanzisha monasteri ya Clairvaux, Ufaransa, mwaka 1115. Kisome chote mara moja, kisha urudi uziandike ngazi zake nne kwa maneno yako: mtu hujipenda kwa ajili yake mwenyewe, humpenda Mungu kwa faida yake mwenyewe, humpenda Mungu kwa ajili ya Mungu, na mwishowe hujipenda kwa ajili ya Mungu.

Ngazi ya nne ndiyo inayowatatiza wengi, nami naiona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu mpanda ngazi aliyeanza kwa kujipenda anajikuta tena akijipenda, ila sasa kwa namna nyingine kabisa. Hapo soma polepole. Bernard anatoa mifano mitatu: tone la maji katika divai nyingi, chuma kilichoiva motoni, hewa iliyojaa mwanga wa jua. Litazame tone hilo kwa karibu. Hasemi kwamba limetoweka. Anasema laonekana kutoweka, likitwaa ladha na rangi ya divai, kisha anaongeza kwamba asili ya mtu itabaki, ingawa katika umbo jingine. Msomaji anayeliruka neno “laonekana” atadhani kwamba Bernard anafundisha mtu kumezwa na Mungu, kumbe anazungumzia utashi wa mtu unaopatana na wa Mungu.

Baada ya hapo fungua mahubiri yake juu ya Wimbo Ulio Bora, kitabu cha Biblia, aliyoyaanza mwaka 1135. Usione haya kwa lugha ya mahaba iliyomo, maana yeye mwenyewe anaipangia utaratibu: busu la miguu ya Bwana ni toba, busu la mkono ni msaada wa kusimama na kuendelea, na busu la kinywa huja baada ya hayo mawili. Hubiri moja kwa juma latosha. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa amefika hubiri la 86, mwanzoni tu mwa sura ya tatu ya Wimbo huo, pale bibi arusi anapomtafuta usiku kitandani mwake yule ambaye nafsi yake yampenda.