Betri ya maji au betri kavu kwa umeme wa akiba: jinsi ya kuchagua, kuchaji na kukaa nayo salama

Kuna tisheti moja nilikuwa naipenda sana, siku moja naongeza maji kwenye betri nikajifuta mkono tumboni bila kufikiria, sikuona doa wala harufu, tisheti ikaenda kufuliwa ikarudi ina vitundu kama nyavu. Ndo nikajua tindikali si lazima ikuunguze hapohapo, inaweza ikakusubiri kwenye kapu la nguo chafu. Naanza na hiyo kwa sababu watu wakiuliza "nichukue betri ya maji au kavu" wanataka jibu la neno moja, na mi kila siku nawajibu kwa maswali mawili, itakaa wapi na nani ataiangalia?

Tuelewane majina kwanza, maana hapa ndo wengi wanapigwa. Zote ni betri za risasi na tindikali, kitu alichokibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na mpaka leo kanuni yake ni ileile, pleti za risasi zimezama kwenye tindikali, kila seli inatoa kama volti 2, seli 6 zikiungana unapata betri ya volti 12. Tofauti ni hiyo tindikali imekaaje humo ndani. Kwenye betri ya maji inacheza wazi, ukiitikisa unaisikia, na juu kuna vizibo vya kufungua. Kwenye betri kavu (kavu jina tu) tindikali imenyonywa na tabaka la nyuzi laini za kioo, hiyo inaandikwa AGM, au imegandishwa ikawa nzito kama jeli, hiyo inaandikwa GEL. Ukiona VRLA ujue ni jina la familia nzima ya hizo mbili, na badala ya vizibo zina valvu ndogo zilizojificha.

Sasa mtego. Betri nyingi za gari juu hazina vizibo kabisa na zimeandikwa haihitaji matengenezo, mtu anaona imefungwa anasema hii kavu, anaiweka chini ya kitanda. Hapana! Nyingi ya hizo ni betri za maji zilizofunikwa tu, tindikali inacheza ndani vilevile, na tundu la kupumulia lipo pembeni ukilitafuta. Tena ni za kuwashia injini, pleti zake nyembamba, zimetengenezwa zitoe umeme mwingi sekunde chache sio kuwasha taa usiku kucha, ukizimaliza umeme mara kadhaa ndo basi tena. Kwahiyo usisome kifuniko, tafuta hayo maandishi AGM, GEL au VRLA, na kama ni ya maji tafuta iliyoandikwa ni ya mzunguko mrefu, deep cycle.

Hewa ndo kitu cha kuogopa kuliko hata tindikali. Betri ya maji ikikaribia kujaa, kwa ile ya volti 12 ni kama volti 14.4 hivi, maji yaliyomo yanaanza kuvunjika yanakuwa haidrojeni na oksijeni, zile mbubujiko unazozisikia kama soda iliyofunguliwa. Haidrojeni haina rangi haina harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba cheche moja inatosha. Ni nyepesi kuliko hewa kwa hiyo inapanda, inajikusanya darini na kwenye kona za juu, ndo maana tundu la hewa la chini peke yake halikusaidii, toboa juu, na la chini liwepo ili hewa safi iingie. Na mtu usiweke inveta (ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) juu ya betri ya maji kwenye kabati moja, nimeona mtu amefanya hivyo ili waya ziwe fupi, ule mvuke wa tindikali unapanda moja kwa moja kwenye mashine inakula sakiti polepole, halafu hiyohiyo mashine ndani ina vitu vinavyotoa cheche. Weka pembeni, waya ziwe fupi na nene lakini pembeni.

Betri kavu yenyewe oksijeni na haidrojeni zinarudiana ndani zinakuwa maji tena, karibu yote, ndo maana haiongezwi maji. Ila ile valvu haipo pale kama pambo. Ukiichaji kupita kiasi presha inapanda, valvu inafunguka, hewa inatoka, na maji yaliyotoka hayarudi maana hamna pa kuyaongezea. Ikiendelea hivyo inapata joto, joto linafanya ivute chaji zaidi, chaji inaleta joto zaidi, mpaka mbavu za betri zinavimba. Yangu ilivimba hivyo, na kosa lilikuwa la kijinga, nilibadilisha betri ya maji nikaweka kavu nikasahau kugeuza seti ya chaja, yaani aina ya betri na volti ilizopangiwa. Nilikuja kushtuka nilipoiwekea mkono, joto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na pembeni imetuna.

Kwahiyo seti ya chaja ndo moyo wa mambo yote, hata kabla ya kuangalia ukubwa wa betri. Kwa volti 12 na joto la nyuzi 25, betri ya maji na AGM nyingi zinataka kama 14.4 mpaka 14.7 wakati wa kujaza, GEL inataka chini zaidi, karibu 14.1, na ikishajaa zote zinashushwa kwenye 13.2 mpaka 13.8 za kuitunza tu. Karatasi ya betri yako ikisema tofauti fuata karatasi. Kuna ile chaji ya nguvu ya kusawazisha seli, volti 15 na kitu, hiyo ni ya betri ya maji PEKE YAKE, chaja nyingi zinaifanya zenyewe kila baada ya muda bila kukuuliza, sasa kama una kavu ingia kwenye seti uizime. Na kama chumba ni cha moto volti inatakiwa ishuke kidogo, chaja nzuri ina kiwaya cha kupima joto kinachobandikwa ubavuni mwa betri, usikiache kwenye boksi. Joto linaua betri kimyakimya, kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 juu ya 25 umri unakatika nusu.

Haya, kuongeza maji, hii nitaieleza taratibu maana ndo kazi yenyewe ya betri ya maji. Angalia kila mwezi. Vaa miwani ya kuzuia macho, glavu za mpira, nguo ambayo hutaililia, vua pete na saa. Zima chaja. Futa juu ya betri KABLA ya kufungua vizibo, vumbi likiingia ndani halitoki. Fungua, mulika kwa tochi, usiwashe kiberiti ati uone vizuri, watu wameungua uso hivyo. Utaona pleti zimesimama kama kurasa za kitabu na maji juu yake. Kama bado zimefunikwa, chaji kwanza ijae halafu ndo ongeza, kwa sababu ikichaji maji yanapanda na ukijaza kabla yatamwagika yakiwa na tindikali ndani. Kama pleti zimeanza kuonekana, weka maji kidogo zifunikwe tu, chaji, malizia baadaye. Jaza mpaka chini kidogo ya kile kibomba cha shingo ya tundu. Maji ni yale yaliyosafishwa ya betri, sio ya bomba wala ya chupa ya kunywa, hayo yana madini. Na usiongeze tindikali! Kinachopungua ni maji, tindikali haiendi popote isipokuwa imemwagika.

Ukiwa na haidromita, kile kibomba cha kuvuta tindikali na kupima uzito wake ukilinganisha na maji, hapo ndo betri ya maji inaipita kavu mbali sana. Unavuta kila seli, iliyojaa inasoma kama 1.265, nusu ni kama 1.19, na ukikuta seli moja iko chini ya wenzake kwa 0.05 umeshajua mgonjwa ni nani. Betri kavu haikwambii, unabaki na volti tu. Volti nazo pima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila chaji wala mzigo, 12.7 imejaa, 12.2 nusu, 11.8 karibu tupu, AGM zinasoma juu kidogo. Ukipima chaja ikiwa imewaka utajidanganya.

Ukubwa nitapita haraka. Betri ya 100Ah (ampea-saa) ni volti 12 mara 100, yaani 1200Wh (wati-saa), lakini usiishushe chini ya nusu, kwahiyo 600, inveta inakula yake, hesabu 500. Ruta, taa chache na laptop moja ni kama wati 70, unapata masaa 7 hivi. Pasi na heta sahau. Ukiunga betri mbili ziwe aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja, usichanganye ya maji na kavu, chaja haiwezi kuzipendeza zote. Na isilale tupu, ikitumika leo ichajiwe leo, ikikaa siku kadhaa bila chaji pleti zinaota chumvi ngumu na uwezo haurudi.

Wakati wa kufunga, fyuzi iwe karibu kabisa na upande chanya wa betri. Spana izungushie tepu ibaki mdomo tu, spana ikidondoka ikagusa chanya na hasi kwa pamoja inaiva nyekundu na kujichomelea palepale. Kufungua anza na hasi, kufunga hasi iwe ya mwisho.

Ukinusa harufu ya yai bovu usitafute panya. Hiyo ni betri inayochajiwa kupita kiasi au seli imekufa, na hiyo hewa ni sumu, tena ikizidi pua inazoea hadi husikii kitu ukadhani imeisha. Zima chaja kwa swichi ya ukutani au breka, usichomoe klipu kwenye betri ikiwa inachaji maana cheche itatokea hapohapo kwenye hewa, fungua madirisha, toa watu nje. Hata king'ora cha kaboni monoksaidi kinaweza kulia kwa sababu ya haidrojeni ya betri, kikilia toka kwanza ndo ubishane baadaye.

Tindikali ikiingia jichoni ni maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kope zimefunguliwa, halafu hospitali, usijaribu kuizimua kwa kitu kingine. Sakafuni mwaga bekingi soda mpaka iache kutoa povu ndo ufute. Isiingie tu ndani ya seli.

Sasa nichague ipi? Kama betri itakaa ndani mnakolala, au nyumba ina watoto, au mwenye kuiangalia anajijua atasahau, chukua AGM na uilipie, bei yake ni ya kulala usingizi. Kama una kibanda au baraza yenye hewa, kivuli na mlango wa kufunga, na unajijua una mkono wa kazi, ya maji inakufaa, inasamehe makosa ya chaja ambayo kavu haisamehi, kwa sababu unaweza ukarudisha maji. GEL mi siipendekezi kwa mtu asiye na chaja inayoiruhusu kwa jina.

Ikifa usiipasue nyumbani kutafuta risasi. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na kazi ya betri kuukuu, vumbi lilikuwa mchangani na mpaka ndani ya nyumba. Bandika tepu kwenye vichwa vyote viwili, isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, ipeleke kwa wanaozikusanya kwa ajili ya kuyeyushwa kiwandani, na ukirudi nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto.