Mzazi akisema "hii hesabu siielewi", mpe vijiti

Walimu wenzangu wa Gredi ya 2, kwenye mkutano wa wazazi msianze kwa kueleza mtaala wa umilisi (CBC). Mpeni kila mzazi vijiti 52: mafungu 5 ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa uzi, na 2 vya pembeni. Mwambieni aondoe 27. Atakwama kwenye ile 7, kisha mwenyewe atafungua fungu moja. Hapo hapo mwonyesheni: huku ndiko "kukopa" kwa hesabu za kutoa tulikokariri, na kumbe hakuna kinachokopwa, ni kumi moja iliyofunguliwa ikawa mamoja 10. Nimeona baba mmoja akinyamaza, akarudia mara mbili, kisha akaomba aende na vijiti nyumbani. Mtoto akileta kazi ya ziada, mzazi amuulize kwanza "umepataje?" kabla ya kumwonyesha njia yake mwenyewe.