Kuvuta maji ya DAWASA kwenye nyumba yenye kisima: hatua kwa hatua

Nyumba nyingi ninazofanyia kazi Dar es Salaam zina maji ya aina mbili: ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka hasa Mto Ruvu, na ya kisima kilichochimbwa uani. Sababu kila mkazi anaijua. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, na mwenye kisima ndiye aliyelala ameoga. Kuwa na vyote viwili ni jambo zuri. Hatari inaanza pale fundi anapoviunganisha kwenye bomba moja ili kupunguza gharama ya vifaa. Utaratibu huu ndio ninaoufuata mimi, kuanzia karatasi hadi koki.

Hatua ya 1: Jua nani anasimamia maji gani

Maji ya bomba yako chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. DAWASA wanayaleta, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wanaidhinisha bei. Maji ya chini ya ardhi yana sheria yake, ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kwa Dar es Salaam msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kwa sheria hiyo maji ni mali ya umma. Hati ya kiwanja inakupa ardhi. Maji yaliyo chini yake unayatumia kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo usipeleke maombi ya kisima DAWASA, wala usidhani kibali cha bonde kinakuruhusu kugusa bomba la mtaani.

Hatua ya 2: Omba kuunganishiwa

Nenda ofisi ya DAWASA ya mkoa wa kihuduma unakoishi. Beba nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa umiliki: hati, au mkataba wa mauziano pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Mpimaji atakuja kuona umbali kutoka bomba kubwa, kisha utapewa makadirio.

Siku ya mpimaji uwepo mwenyewe. Mwonyeshe njia unayotaka bomba lipite. Likipita kwenye kiwanja cha jirani, pata ridhaa yake kwa maandishi, mbele ya mjumbe ikiwezekana. Jirani wa leo atauza, na mnunuzi hatajua mlichokubaliana kwa mdomo. Likikata barabara, kuna kibali cha TARURA au TANROADS kutegemea barabara ni ya nani.

Malipo yanafanywa kwa kumbukumbu namba ya serikali tu. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi akuunganishie leo usiku, huo ni wizi wa maji, na atakayekutwa na bomba ni wewe.

Hatua ya 3: Kagua kazi kabla mtaro haujafukiwa

Soma maandishi kwenye bomba la poli. Robo tatu inaandikwa milimita 25, inchi moja 32. Angalia kama kilichokatwa dukani ndicho kilichoandikwa kwenye makadirio. Mtaro uwe na kina cha kama futi mbili, zaidi pale magari yanapopita. Dira ikae mahali msoma dira anapofika bila kufunguliwa geti.

Dira ni mali ya mamlaka. Bomba linalovuja kabla ya dira ni lao kutengeneza, ukiwapigia simu. Baada ya dira ni lako, na maji yaliyomwagika utayalipia.

Hatua ya 4: Kisima

Anza na utafiti wa maji chini ya ardhi, kisha kibali cha bonde, kisha mchimbaji mwenye leseni ya Wizara ya Maji. Wengi wanaanza na mchimbaji, na hapo fedha zinapotea. Karibu na pwani maji ya chumvi yako chini ya maji baridi, na ukichimba kina kirefu kupita kiasi au ukavuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda. Nimeona kisima kilichotoa maji matamu miezi ya mwanzo, halafu sabuni ikaacha kutoa povu.

Suala linaloniumiza zaidi ni choo. Mafundi tunafundishwa kuweka angalau mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Kiwanja chako kina mita 20 kwa 20, na cha jirani vilevile, kwa hiyo nafasi hiyo haipo. Unachoweza kufanya ni kumtaka mchimbaji azibe kwa saruji pembeni ya kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) kutoka juu kwenda chini, ili maji ya juu yenye uchafu wa vyoo yasiteremke kufuata bomba. Simama pale wakati anaziba. Kazi hiyo ikishafukiwa huwezi kuikagua.

Mwisho wa uchimbaji dai taarifa ya kukamilika kwa kisima: kina, tabaka za udongo, wingi wa maji baada ya kupima kwa pampu. Inakwenda bonde, na nakala ibaki kwako. Maji yapimwe kwenye maabara ya ubora wa maji, yalinganishwe na kiwango cha TBS cha maji ya kunywa, TZS 789. Chupa ya kupimia vijidudu uichukue maabara kwenyewe, maana chupa ya soda haifai hata ukiiosha mara kumi.

Hatua ya 5: Maji mawili yasikutane ndani ya bomba

Mwenye nyumba mmoja Tabata aliunganisha pampu ya kisima na bomba la DAWASA kwa koki moja katikati. Siku ya mgao bomba la mtaani likawa tupu, koki ikawa wazi, pampu ikasukuma maji ya kisima kupita kwenye dira hadi barabarani. Mama wa nyumba ya tatu akanifuata na kikombe mkononi: "Hebu onja, fundi. Chai gani hii ina chumvi?" Nilionja, na akili ikaenda moja kwa moja kwenye ile koki. Chumvi angalau inaonjeka. Vijidudu vya kipindupindu huvionji.

Ninavyofanya mimi: matangi mawili, kila maji na lake. La DAWASA linahudumia jiko na kunywa, la kisima linahudumia vyoo, kufua na bustani. Ukiwa na tangi moja tu, bomba la DAWASA liingie juu kabisa na mdomo wake uning'inie hewani, juu ya tundu la kumwagia ziada, usizame kwenye maji hata tangi likijaa. Pengo lile la hewa halichakai. Valvu ya kuzuia maji yasirudi naiweka pia baada ya dira, lakini siitegemei peke yake. Chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Na usifunge pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA. Inavuta maji ya majirani, na bomba likiwa na ufa inavuta tope la mtaroni. Acha maji yajaze tangi la chini kwa nguvu yake, kisha pandisha.

Hatua ya 6: Dira siku ya kwanza

Funga koki zote na utazame kigurudumu kidogo kwenye dira. Kikizunguka, kuna mahali panavuja. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ankara ya uniti 40 ni ndoo 2,000. Jiulize kama kweli mmezitumia. Ukiona haiendani, lalamika DAWASA kwa maandishi kwanza, na usiporidhika peleka EWURA. Piga picha ya namba za dira siku inapofungwa, tarehe ionekane, na uihifadhi pamoja na risiti ya kuunganishiwa.