Kamba kwanza, kuogelea mwisho

Mgeni kakwama juu ya jiwe katikati ya mto uliofurika, wenzake wanapiga mayowe ukingoni, na mwenye sare ni wewe. Hapo ndipo askari wa hifadhi aliye jasiri huruka majini, na sasa kuna watu wawili wa kuokoa. Vijana ninaowafundisha nawaambia hivi: mto haujui sare.

Panga watu kwanza. Mmoja aende upande wa juu, filimbi mdomoni, aangalie magogo yanayoletwa na maji. Wengine washuke chini ya mkondo na kamba mkononi, wamdake yeyote atakayeponyoka, awe mgeni au askari. Aliyekwama asemeshwe muda wote: kaa, shikilia jiwe, usijaribu kuvuka. Mto ukinguruma hamtasikizana, kwa hiyo ishara za mikono mkubaliane mapema.

Kama mti mrefu au kasia linamfikia, basi. Lisipomfikia, rusha mfuko wa kamba, yaani mfuko uliosokomezwa kamba ndani, nayo hufunguka ukiruka. Kamba iwe ya kuelea, ya mita 15 hadi 25. Mwite kwanza akutazame, ndipo urushe mfuko umpite ili kamba imwangukie mwilini. Akiwa anachukuliwa na maji, alale chali, aishike kamba yenyewe kifuani, si mfuko, na aipitishe juu ya bega lililo mbali nawe. Wewe keti, kaza visigino ardhini. Usishindane na maji kumvuta. Mkondo wenyewe utamzungusha hadi ukingoni. Na kamba usiifunge kiunoni wala kuizungusha mkononi, hata kama una misuli ya kuangusha nyati. Ikikaza huifungui.

Boti ni baada ya hapo. Kuogelea ni mwisho kabisa, kwa aliyefunzwa tu, mwenye jaketi la kuokolea, helmeti, kisu na viatu miguuni. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Ukichukuliwa, usijaribu kusimama kwenye mkondo mkali: mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi na hayakuachi. Elea chali, miguu ikitangulia. Ninachokiogopa zaidi ni mti ulioanguka mtoni, maana maji hupenya kwenye matawi na mtu hunasa. Usipoweza kuukwepa, geuka tumbo chini, ogelea kwa nguvu kuuelekea, upande juu yake kabla haujakuvuta chini.

Akitolewa bila kupumua, mpe pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Akiwa anapumua, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpeleke hospitali. Atasema yuko sawa. Mpeleke tu, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Hesabu askari wako. Kamba ianikwe kivulini, kisha isokomezwe mfukoni kidogo kidogo. Usiikunje kwa mizunguko, itajifunga fundo siku unayoihitaji.