Jike Aliyezaa Leo Asirudishwe kwa Dume

Juzi kule Ruai, Nairobi, nilimtoa kizimbani sungura jike mweupe wa aina ya New Zealand, nikampitishia vidole viwili juu ya uti wa mgongo. Kila pingili ilihesabika, kama meno ya kitana. Manyoya yalikuwa yamefifia, na kati ya watoto wanane aliozaa mara ya mwisho walikuwa wamebaki watatu. Nikamuuliza mfugaji umri wa jike huyo. "Mwaka mmoja na miezi minne, daktari." Jike wa umri huo ndiyo kwanza angekuwa kwenye nguvu zake. Kadi iliyofungwa mlangoni ndiyo iliyonipa jibu: ameshazaa mara nane, na kila mara alirudishwa kwa dume siku ileile au kesho yake.

Kosa hili nimelikuta Kayole, Githurai na Kangemi, na kila nyumba wananijibu vivyo hivyo: "Lakini alimkubali dume." Naam, atamkubali. Sungura hangoji joto la kila wiki tatu kama ng'ombe. Mayai yake hutoka saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa, na siku ya kuzaa homoni zake humfanya atamani dume kuliko siku nyingine yoyote. Kukubali huko hakukuambii lolote kuhusu mafuta na kalsiamu iliyobaki mwilini mwake.

Sababu ya kumkubali dume hata akiwa amechoka ni asili yake. Sungura tunaowafuga walitokana na wale wa mwituni wa Uhispania na Ureno, na huko wengi huliwa kabla ya kumaliza mwaka. Mnyama anayewindwa hivyo hana faida ya kujiwekea akiba ya uzee. Anayezaa haraka ndiye aliyeacha kizazi, hata kama mwili wake uliharibika mapema. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Kirkwood, alilieleza jambo hili vizuri: chakula anachopata mnyama hugawanywa kati ya kuzaa na kukarabati mwili, na kinachozidi upande mmoja hupungua upande wa pili. Kizimbani kwako hakuna mbweha. Jike wako angeweza kuishi miaka minane, lakini mwili wake bado unatumia kana kwamba mbweha yuko mlangoni. Wa kumzuia ni wewe.

Sasa fikiria mzigo wenyewe. Jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, kwa hiyo watu hudhani ni kazi ndogo. Maziwa hayo ni mazito kuliko ya ng'ombe kwa mafuta na protini pia, na kufikia wiki ya tatu anaweza kutoa gramu 200 kwa siku, naye ana kilo nne tu. Ukimbebesha mimba juu ya hapo, wiki hiyohiyo ya maziwa mengi ndiyo mimba inaanza kudai haki yake. Kinacholipa ni misuli na mifupa yake.

Hesabu siku hivi, na uziandike. Siku ya kuzaa ni sifuri. Siku ya 28 mpime jike. Siku ya 35 waachishe watoto. Anayelishwa majani na nyasi kavu zaidi apandishwe siku ya 42, si kabla. Anayepata peleti (chakula cha kiwandani cha vidonge) za kutosha, na uzito wake umerudi, anaweza kupandishwa siku ya 28. Lakini jike aliyezaa mara ya kwanza angoje siku ya 42 hata akila peleti mchana na usiku, kwa sababu yeye mwenyewe bado anakua.

Kupima si kukisia kwa mkono. Nimeona wafugaji wenye simu za bei kubwa wasio na mizani ya kuning'iniza, na hilo linaniudhi kweli. Mtie jike kwenye kiondo, mning'inize asubuhi kabla hajala, toa uzito wa kiondo, andika kwa ukaribu wa gramu 50. Ukimpima leo asubuhi na mara nyingine jioni baada ya kula, tumbo litakudanganya. Asipofikia uzito aliokuwa nao alipopandishwa mara ya mwisho, hapandishwi. Aliyezaa mara ya kwanza lazima auzidi. Mrudishe kizimbani, mpime tena baada ya siku saba.

Mimba ni siku 31. Ukimpandisha siku ya 42, mzunguko ni siku 73, yaani kuzaa mara tano kwa mwaka. Najua utaona ni chache. Mara tano kwa watoto saba wanaofika kuachishwa ni 35. Mara nane kwa watoto watatu ni 24, na mwaka wa pili huyo jike humwoni tena.

Kwenye chakula nitasema moja tu. Anayenyonyesha usimpimie kipimo cha asiyenyonyesha. Gramu 150 za peleti zinamtosha aliyepumzika, lakini wiki ya tatu ya kunyonyesha anahitaji 350 na kuendelea, na maji yasimkatikie hata usiku. Mtaani kwenu maji yakija kwa mgao, jike awe na mtungi wake.

Jike mchanga wa New Zealand au California asipandishwe kabla ya kilo 3.5, ambazo huzifikia miezi mitano hadi sita.

Wala msitoke hapa mkawapumzisha nusu mwaka. Jike asiyezaa hunenepa ndani na kukataa kushika mimba. Mwili wake unataka kuzaa, ila kwa nafasi.

Ukifuata haya mgongo utajaa na watoto watakuwa wa ukubwa mmoja.

Yule wa Ruai tumemtenga na dume. Alikuwa na kilo 3.1. Kwenye kadi yake nimeandika tarehe ya kumpima kila Jumamosi, na kwamba chini ya kilo 4 mlango wa dume haufunguliwi.