Feruzi au jiwe lililotiwa rangi? Tazama palipomeguka

Ukifukua kwa kigunduzi cha metali bangili ya fedha ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, yenye jiwe linaloonekana kuwa feruzi, yaani jiwe la thamani la rangi ya buluu, kama mimi juzi nyuma ya nyumba ya rafiki hapa New Mexico, usikimbilie kuisugua ing'ae. Ioshe kwa maji matupu na brashi laini, kisha chukua lenzi inayokuza mara 10 utazame jiwe mahali lilipomeguka, hasa ukingoni linapokutana na fedha. Feruzi halisi ina rangi mpaka ndani. Hauliti na magnesiti ni mawe meupe yanayotiwa rangi: palipomeguka utaona weupe kama chokaa, na buluu imejikusanya kwenye nyufa. Langu lilikuwa na pengo dogo kama punje ya mtama, buluu hadi chini, nilishusha pumzi. Ukijani usikutishe, feruzi ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta ya ngozi, na rangi hugeuka. Njia hii haisaidii kwa plastiki wala unga wa feruzi uliogandishwa kwa gundi, maana navyo vina rangi mpaka ndani. Hapo muone sonara anayejua mawe. Asetoni, siki na dawa ya kung'arishia fedha weka mbali kabisa, zinaweza kuliharibu jiwe.