Pombe nimeacha, mbona kichwa hakijarudi?

Nilikunywa miaka 19. Siku ya arobaini bila tone, nilimuuliza mke wangu swali lilelile mara tatu kabla hatujaondoka mezani. Mara ya tatu hakujibu, alinitazama tu.

Kama bado unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako. Degedege huweza kukupata ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka, na wapo wanaokufa. Mimi niliachishwa wodini, kwa dawa zilizopunguzwa kidogo kidogo.

Hapo wodini ndipo nilipoisikia vitamini B1. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mnywaji mwenyewe mara nyingi hata hali chakula. Bila hiyo ubongo haupati nguvu kutoka kwenye sukari. Ukiona mtu amechanganyikiwa, anapepesuka hata kama hajanywa, au macho yanachezacheza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kwa dalili moja. Hapo vidonge havitoshi, ni sindano. Akicheleweshwa anaweza kubaki anasahau ya dakika tano zilizopita, na pengo analijaza kwa visa anavyoviamini mwenyewe. Madaktari Wernicke na Korsakoff waliyaeleza haya tangu miaka ya 1880, na bado watu wanasema “huyo kalewa tu”.

Ukishavuka hapo, nunua daftari. Moja tu. Nilianza na vikaratasi, nikaishia kutafuta vikaratasi. Kila ahadi, kila dawa uliyomeza, andika papo hapo, si baadaye. Funguo nazo ziwe na msumari mmoja, siku zote.

Jina jipya nilijifunza hivi: nalisikia, nalitamka, narudia baada ya dakika moja, kisha tano, kisha ishirini, kisha kesho yake. Nikisita, nafungua daftari, sibahatishi. Kichwa kilichochoka hulishika kosa kama kinavyolishika jibu, na ukishamwita mtu kwa jina lisilo lake mara mbili, hilo ndilo litakalokujia kila mkikutana. Ni kazi ya kitoto, najua. Niliona aibu wiki nzima.

Mengine ni ya kawaida: kula, tembea kila siku, lala saa ileile. Usingizi wangu ulikaa ovyo kwa miezi. Usijitafutie vidonge vya usingizi bila daktari; vingine utavitegemea kama ulivyoitegemea chupa.

Usitarajie akili irudi yote kwa mpigo. Wiki za kwanza niliona nafuu ya umakini. Mwezi wa tatu nilisoma ukurasa mzima bila kurudi juu. Ila kupanga mambo manne ya siku moja kulinishinda hadi karibu mwaka, na mikataba alinisomea mke wangu. Ukirudia kunywa, unaanza kuharibu ulichojenga.

Miezi ikipita bila nafuu, au ukizidi kusahau, rudi kwa daktari. Huenda ni tezi ya shingo, sonona, upungufu wa B12, au damu iliyovujia taratibu kichwani baada ya kuanguka. Nenda na mtu unayeishi naye. Nilipoulizwa kama nimewahi kuanguka nilisema hapana, mke wangu akasema, “Ngazini, mara mbili.”